Nilivyolisoma Daftari la Mkwe Wangu

Jumatatu, tarehe 3

Mvua imeanza leo saa tatu asubuhi, mashuka kumi na manne ya nyumba ya wageni yakiwa kambani. Nimeyaanua mbio kama mwizi, na umri wangu si wa mbio. Nimefunga kamba ndani, kutoka dirisha la jikoni hadi mlango wa chumba cha mwanangu. Nyumba nzima sasa inatembea imeinama.

Shule mimi sikuingia. Herufi nilizijua nikiwa na miaka hamsini na minane, katika darasa la watu wazima, kwa sababu nilichoka kuweka dole gumba kwenye karatasi za watu. Mwalimu alisema tuandike kila siku hata mstari mmoja tusije tukasahau. Basi naandika. Atakayeona doa alifue mwenyewe.

Jumanne, tarehe 4

Mvua. Hakuna kilichokauka.

Alhamisi, tarehe 6

Maji yameingia nyuma ya kabati la pasi. Nimelisukuma kwa nyonga, na nyuma yake nimekuta daftari jeusi, limevimba kwa unyevu. Nilijua la nani kabla sijalifungua. La Mgeni.

Mgeni alikuwa mke wa mwanangu. Kijana alikwenda nchi ya mbali kujifunza umeme, akarudi na cheti na mke. Tuliishi naye miaka minne, na miaka yote minne nilimwita Mgeni. Kiswahili alijifunza, mwanzoni cha kuokoteza, baadaye kizuri tu. Lakini akiandika, aliandika kwa lugha ya kwao, yeye upande huu wa meza ya kupigia pasi, mimi upande ule, nikijiuliza anaandika nini huyu.

Miaka mitatu iliyopita, asubuhi mapema, nilimkuta anafumua alama za wateja wangu.

Nieleze alama. Nilipoanza udobi sikujua kusoma, kwa hiyo sikuandika jina la mtu. Kila mteja ana mishono yake ya uzi ndani ya kola au kwenye pindo. Hakimu, miwili ya kijani. Muuza nyama, miwili ya buluu. Nyumba ya wageni, mitatu myekundu. Miaka arobaini sikupoteza hata soksi. Kumfumulia dobi alama zake ni kumkata ulimi. Nikamfukuza siku ileile. Akaondoka na mjukuu wangu wa miaka mitatu, yule tuliyemwita Bosi kwa jinsi alivyotuamrisha.

Sasa mwanangu anataka kuoa tena. Binti anauza katika duka la dawa, pale mkabala na benki. Mvua zikikatika tunakwenda kwao kujitambulisha, na wazazi wake wameshauliza: yule wa kwanza aliondoka kwa nini? Mwanangu alinitazama mimi. Nikasema, "Nitawaeleza mwenyewe."

Basi Mungu kanipa ushahidi, tena kwa mwandiko wa Mgeni mwenyewe. Mwanangu anaijua lugha hiyo, ila sitaki alione kabla yangu. Nimelificha chini ya godoro.

Jumamosi, tarehe 8

Mdogo wangu amekuja. Ni mkunga, amestaafu, lakini ulimi haujastaafu.

"Dada, hii nyumba au hema la sarakasi?"

"Inama upite, au baki nje ulowe."

Akapita, akakaa, akatoa kitabu na simu. Siku hizi anasoma hadithi za mapenzi za nchi zenye theluji, kwa lugha asiyoijua hata salamu yake. Anaupiga ukurasa picha, anagusa mstari kwa kidole, na simu inamwambia kwa Kiswahili maana yake, na kwa nini mtu kasema vile, na nyuma huko alisema nini.

"Kwa nini usisome wanaopendana kwa Kiswahili?" nikamuuliza.

"Wa Kiswahili nimewazalisha wote. Nawajua."

Yeye alisoma kwa sababu mimi nilibaki nyumbani nikifua. Hatulisemi. Nikamtolea daftari.

"Unatafuta nini humu?"

"Ushahidi."

"Na ukikuta kingine?"

"Kingine kipi?"

Akafungua daftari. Amenifundisha kugusa, mara tatu, bila kunicheka, halafu akaniachia simu yake ya zamani, ile yenye ufa kiooni. Hicho kitu kinachoeleza nimekiita Mjuaji.

Jumapili, tarehe 9

Ukurasa wa kwanza. Ameandika jinsi ya kutia wanga: maji ya baridi kwanza, kisha ya moto, koroga upande mmoja. Mjuaji akasema: "Mwandishi anaandika maelekezo ya kazi kama mwanafunzi. Anamwita anayemfundisha kwa neno ambalo katika lugha hii hutumika kwa mama mkwe."

Hilo silihitaji kuambiwa. Na mwizi naye huukagua mlango kabla ya kuingia.

Jumatano, tarehe 12

Nimemkamata! Kurasa nne nzima ni wateja wangu. Hakimu, muuza nyama, nyumba ya wageni, mwalimu mkuu, wote, na alama zao kachora pembeni. Nimempigia mdogo wangu.

"Kaandika wateja wangu wote! Alitaka kufungua udobi wake aninyang'anye mkate."

"Kasema hivyo?"

"Aseme ili iweje?"

"Soma mbele, Dada. Hata mimi sijui mimba ni ya nani kwa kutazama tumbo."

Ijumaa, tarehe 14

Muuza Dawa amekuja na dawa ya kikohozi changu. Akapita chini ya mashuka bila kuambiwa ainame, akashika pasi, akanyoosha foronya sita huku tunapiga soga. Hajui kunyoosha, ila anajua kwamba hajui, na hilo ni kubwa. Nampenda. Ningependa akae.

Jumatatu, tarehe 17

Umeme umekatika, mwanangu yuko juu ya nguzo za watu. Simu haina chaji. Mvua.

Alhamisi, tarehe 20

Umeme umerudi, simu imejaa chaji.

Ukurasa umepinda kwa maji lakini unasomeka. Ameandika: "Leo nimekuta joho la hakimu lina mishono miwili ya buluu. Nimefumua nikashona kijani kabla Mama hajaamka." Ukurasa unaofuata: "Tena. Shati la muuza nyama limeshonwa kijani." Unaofuata: "Leo mashati matatu."

Nikagusa. Mjuaji akaandika, polepole kama daktari:

"Katika orodha ya awali, mwandishi alisema alama ya hakimu ni kijani na ya muuza nyama ni buluu. Hapa anakuta zimebadilishana. Inaelekea mtu anayeshona alama hizi haoni tena vizuri tofauti ya kijani na buluu, na mwandishi anasahihisha kwa siri ili asimwaibishe."

Nikaiambia simu, "Mwongo mkubwa wewe!" Kwa sauti. Peke yangu, chini ya mashuka ya watu.

Macho yangu mimi? Mimi niliyekuwa naona doa la wino upande wa pili wa barabara? Nikatoa nyuzi zangu kwenye kopo, nikazipeleka dirishani. Hii kijani, hii kijani, hii buluu. Mbona naona! Hapo Muuza Dawa akaingia kuchukua mwavuli wake aliousahau.

"Mwanangu, njoo. Hii rangi gani?"

"Buluu, Mama."

"Na hii?"

"Nayo buluu. Kijani ni hii." Akachukua ile niliyoishika kama buluu. Kisha akauliza kwa upole, "Mama, macho yako yametazamwa lini?"

Nikamwambia mwavuli wake uko nyuma ya mlango.

Jumamosi, tarehe 22

Nilitaka kuacha. Nimesoma. Haya ninayoandika sasa nayajua bila daftari, nilikuwepo.

Mwaka ule niliomfukuza Mgeni, alikuja mama mmoja na suti ya kijivu ya mumewe. Marehemu alikuwa azikwe nayo kesho yake saa nane. Niliifua mwenyewe, nikaipiga pasi mwenyewe, nikaifunga. Saa tano asubuhi akarudi mbio, na ndugu zake nyuma. Walipomvika maiti waliikuta ni suti ya mtu mwingine, mwembamba, mikono inaishia kwenye viwiko. Yule mama alisimama mlangoni pangu ameikumbatia ile suti, halii, ananitazama tu.

Kabla sijafungua kinywa, Mgeni akasema, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyefunga vibaya."

Na mimi, mbele ya wafiwa, mbele ya majirani, nikasema, "Mnaona? Tangu aje huyu sina raha. Kichwa cha kazi hana." Nikaona nimejisafisha.

Katika daftari ameandika: "Nimesema ni mimi. Mama ana miaka arobaini ya jina zuri. Mimi hapa sina jina."

Mjuaji akaeleza: "Huenda ana maana kwamba hana sifa yoyote ya kupoteza mahali hapo. Huenda pia ana maana kwamba watu hawamwiti kwa jina lake. Maandishi hayatoshi kujua ni ipi."

Mjuaji hakujua. Mimi najua.

Ukurasa wa mwisho ni wa siku iliyofuata. "Kesho nitamwambia Mama kuhusu macho. Natafuta maneno ya Kiswahili yasiyouma, siyapati. Nitamalizia kwanza alama za wiki hii, halafu tutakunywa chai, halafu nitasema." Na chini Mjuaji: "Zingatia kwamba hapa mwandishi ameacha neno la mama mkwe. Anatumia neno la mama mzazi."

Kesho yake ndiyo asubuhi niliyomkuta na mkasi.

"Mama, ngoja nikueleze."

"Unieleze nini, na mkasi uko mkononi?"

Hakueleza. Sikumpa nafasi, nilikuwa na sauti kubwa. Alikunja nguo za mtoto vizuri sana, pembe kwa pembe, nilivyomfundisha.

Jumanne, tarehe 25

Mvua. Nimefua. Sina la kuandika.

Alhamisi, tarehe 27

Mdogo wangu nimemsomea yote. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Utafanyaje?"

"Nitamwambia mwanangu."

"Dada, fikiri. Kijana kapata mchumba mzuri. Ukisema, utavunja posa, na yeye hatakutazama tena machoni. Yaliyopita yamepita. Lichome hilo daftari, nyamaza."

"Halafu niende kwa wazazi wa binti wa watu nikawaambie nini? Kwamba mkwe wangu alikuwa mwizi?"

"Sema hawakuelewana."

"Wewe ulipokuwa mkunga, ulimwacha mtoto tumboni kwa kuwa kuzaa kunauma?"

Akakasirika, akaondoka bila kuinama, shuka likamvua kilemba. Kwa mara ya kwanza wiki hii tulicheka, yeye nje, mimi ndani.

Jumapili, tarehe 30

Nimemwambia.

Alikuwa ameketi jikoni anabadilisha waya wa pasi yangu. Nikaweka daftari mbele yake. Nikasema, "Soma. Halafu uniambie lolote unalotaka kuniambia, sitajibu."

Yeye hahitaji Mjuaji. Alisoma haraka, midomo ikicheza. Katikati akacheka, ghafla, kicheko ambacho sijakisikia miaka mitatu. Nikaomba anioneshe. Ni ukurasa wa pasi, ambao Mjuaji aliniambia tu ni maelekezo ya kupima joto.

"Amekuandika unavyoigombeza pasi," akasema. "Neno kwa neno. Unavyoiita mvivu, unavyoibembeleza. Hata mahali unapovuta pumzi kaweka."

Ule ukurasa niliupita kama ukuta.

Kisha akafika mwisho. Akaweka bisibisi mezani taratibu. Niliahidi kutojibu, nikangoja nitukanwe.

"Aliniambia, Mama," akasema. "Siku ile, nikimsindikiza kituoni. Alisema, ni macho ya mama yako, mpeleke kwa daktari. Nikamwambia, mama yangu miaka arobaini hajakosea. Nikamwambia aache uongo. Mtoto nilimbeba mimi, tena nilimpandisha mimi kwenye basi."

"Mwanangu..."

"Umesema hutajibu."

Akamalizia kufunga waya, akaijaribu pasi, ikawaka. Akatoka kwenye mvua bila koti.

Ijumaa, mwezi mpya, tarehe 4

Amemwambia Muuza Dawa kila kitu. Nilidhani mwanangu hatamwona tena. Leo binti amekuja mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, mikono magotini.

"Mama, mimi sijakasirika. Ila mwandikieni kwanza. Nitangoja nijue naingia nyumba gani."

Mtoto wa watu ana adabu kuliko mimi.

Jumapili, tarehe 6

Nimeandika barua kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, maana yeye alikisoma kwa ajili yetu. Karatasi tano zimekwenda jalalani. Kila niliyoandika ilikuwa inajitetea: nilikuwa nimechoka, nilikuwa na wateja, macho hayakuniambia. Ya sita ni hii:

"Nimesoma daftari lako. Ulinifichia aibu yangu nikakupa yako na yangu uzibebe. Hukukosea lolote. Mimi ndiye niliyekosea suti, alama, na wewe. Nyumba hii ni yako ukitaka, na usipotaka bado nimekosa." Nikaandika jina lake juu. Ilibidi nimuulize mwanangu linaandikwaje.

Ameipiga picha, ameituma.

Jumatano, tarehe 9

Nimekwenda kwa mjane wa ile suti. Nimemwambia ukweli mlangoni, nimesimama pale alipowahi kusimama yeye kwangu. Akasema, "Yule mkweo alikuja jioni ileile peke yake kuniomba radhi, akanisaidia kuosha vyombo vya wageni. Wewe umechukua miaka mitatu na ushee." Hakunikaribisha ndani. Sikustahili.

Ijumaa, tarehe 11

Hakuna jibu. Jua limetoka saa moja, likarudi ndani.

Jumatatu, tarehe 14

Daktari wa macho anasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na yamekomaa. Yanapasuliwa. Nikamuuliza yameanza lini, akasema miaka mitano, sita. Nimewaambia wateja mwenyewe, mmoja mmoja. Muuza nyama akacheka: "Ndiyo maana niliwahi kurudishiwa joho! Nilidhani unaniombea cheo."

Sikucheka. Nikacheka baadaye, njiani.

Jumatano, tarehe 16

Jibu limekuja.

Mwanangu aliinyoosha simu kwangu akasema, "Soma kwanza wewe, ni yako." Nikatazama. Herufi nyingi, na sikuelewa hata moja. Ameandika kwa lugha ya kwao.

Mtu aliyetafuta maneno ya Kiswahili yasiyouma, usiku na mchana kwa ajili yangu, sasa hakutafuta hata moja. Hilo nilielewa kabla sijagusa kitu.

Nikagusa.

"Nimepokea barua yako. Nilishasamehe zamani, ili niweze kuishi. Hapa nina kazi, nina nyumba, na watu wananijua. Sitarudi. Mwambie asingoje, aoe akitaka, na aendelee kumpigia mtoto simu. Nakutakia macho mema."

Mjuaji akaeleza: "Mwandishi anatumia namna ya heshima ambayo katika lugha hii hutumika kwa mtu mzima asiye wa familia. Barua haina neno lolote la mama."

Niliisoma hiyo sentensi ya mwisho mara mbili, nione kama Mjuaji kakosea. Nikamwita mwanangu athibitishe. Akasoma, akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Akakaa chini karibu yangu, bega kwa bega, mara ya kwanza tangu siku ile ya daftari. Muuza Dawa ataambiwa kesho, kama ilivyo.

Kulikuwa na picha ya pili. Karatasi ya mistari mipana, penseli, herufi kubwa zinazopanda na kushuka. Mjuaji akasema: "Haya ni maandishi ya mtoto anayejifunza kuandika. Anauliza: Je, ni kweli wewe ni bibi yangu? Unafanya kazi gani?"

Hanikumbuki. Alikuwa na miaka mitatu. Nilijua hivyo, lakini kujua ni kitu kingine na kukiona kimeandikwa kwa penseli ni kingine.

Nikamwambia Mjuaji anioneshe jinsi ya kujibu kwa lugha yao, polepole, herufi kwa herufi, kwa sababu Kiswahili changu hana wa kumsomea ila mama yake, na sitaki mama yake apate kazi ya kunifasiria. Nimekaa mezani tangu saa sita hadi mwanga ulipoanza kupungua. Zimetoka zinapanda na kushuka kama zake.

"Ndiyo. Mimi ni bibi yako. Ninafua nguo za watu."

Nilimuuliza Mjuaji pia neno la "njoo". Akanionyesha. Ni fupi, ningeweza kuliandika. Sikuliandika. Si langu la kusema, atalisema mama yake siku akitaka, na asipotaka hatalisema.

Mwanangu ameipiga picha karatasi yangu. "Nitume?" akauliza.

"Tuma," nikamwambia, "kabla sijaongeza maneno."